Chungu cha Kwanza cha Siwema

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, tuseme ile ambayo betri za redio zilianikwa juani pamoja na mihogo, katika kijiji cha Nangalamo palikuwa na mwanamke mfinyanzi, jina lake Siwema. Alikuwa na mikono miwili, miguu miwili, binti mmoja aitwaye Rukia aliyekuwa shule ya bweni, na mume mmoja aitwaye Nalinga. Mume tutamfikia. Hana haraka; hajawahi kuwa nayo.

Vyungu vya Siwema vilijulikana bonde zima. Chungu chake cha maji kilipoza maji hadi meno yakalalamika. Chungu chake cha wali hakikuunguza hata mpishi akienda kusengenya kwa jirani na kurudi. Watu waliisifu mikono yake, naye aliwaacha waisifu, lakini mwenyewe alijua kazi imefanyikia wapi. Ilifanywa na nyayo. Udongo wa kufinyangia ukitoka mtoni hukanyagwa kwanza, peku, asubuhi nzima, na unyayo ndio unaotafuta changarawe. Punje moja ya jiwe, ndogo kama mtama, ikibaki kwenye ukuta wa chungu, siku ya kuchoma chungu hupasuka kwa kishindo na kuondoka na majirani zake. Siwema alikanyaga huku anaimba. Anasimama, anainama, anachomoa punje, anaitupa, anaendelea na wimbo pale alipouachia. Hakutazama chini. Mguu ulimwambia.

Shikeni hapo: mguu ulimwambia. Siku mguu ukinyamaza, Siwema si mfinyanzi tena.

Sasa habari ya mgongo. Siwema alizaliwa na kitu kiunoni, juu kidogo ya makalio: donge laini, ukubwa wa andazi lililoumuka vizuri, na juu yake kishungi cha nywele. Hakikuuma. Hakikuwasha. Kilikaa tu, kama mgeni mwenye adabu. Waliokijua ni watu wanne. Mama yake, ambaye alikwisha kufariki. Siwema mwenyewe. Mumewe, ambaye siku ya kwanza alidhani wanawake wa ukoo ule ndivyo walivyojaliwa, akashukuru. Na wa nne ni Bi. Asumini, kungwi wake, aliyemwogesha alipokuwa mwali ndani ya nyumba ya unyago. Bi. Asumini alikitazama, akakibonyeza kwa kidole, akamwambia mwali wake kwamba hicho amepewa, hakionyeshwi na hakitajwi. Siwema akaitikia. Na kungwi naye alikuwa na kiapo chake: lililoonwa unyagoni halisemwi nje, na juu ya yote halisemwi mbele ya mwanamume.

Miaka ikapita. Siwema alipokaribia arobaini, mguu wa kushoto ukaanza kuaga. Yeye hakujua. Utajuaje kwamba huhisi? Mtu hasikii kimya cha kitu alichozoea hadi aambiwe. Aliyejua wa kwanza ni Chilumba.

Chilumba alikuwa fundi wa katambuga, vile viatu vya tairi la gari ambavyo mwenye navyo hufa akaviacha vizima. Alitoka kwa watu wa ng'ambo ya mto, na watu wa ng'ambo ya mto walikuwa watani wa ukoo wa Siwema. Kwa aliyekua bila watani, nampa pole na kumweleza. Mtani atakutukana siku ya harusi yako. Atachukua kuku wako ukimtazama. Atalala ndani ya kaburi la babu yako na kukataa kutoka hadi apewe kitu cha kutafuna. Nawe huruhusiwi kununa. Uhuru huo wote una gharama moja tu: mtani hasadikiwi. Akisema nyumba yako inaungua, unamjibu kwamba ya kwao iliungua zamani, mnacheka, na nyumba inaungua.

Basi Siwema alimpelekea Chilumba katambuga zake. Cha kulia kizima. Cha kushoto kimelika mbele, pale kwenye vidole, hadi nyuzi za tairi zimetokeza kama masharubu. Chilumba akakigeuza, akakinusa, maana bila kunusa si yeye. Akamwambia mbele ya wateja kwamba tairi lile lilibeba magogo kutoka msituni miaka sita halikulika, yeye amelila kwa miezi mitatu; mguu wake wa kushoto haunyanyuki, unaburuzwa kama mlevi anayerudishwa nyumbani. Siwema akamjibu kwamba watu wa ng'ambo ya mto wamejulia wapi viatu, wao walipovaa vya kwanza walivivaa mikononi. Watu wakacheka. Hata Siwema alicheka.

Mara ya pili ilikuwa msibani, mjomba wa Siwema alipofariki. Watani walikuja kufanya kazi yao, na Chilumba akasimama katikati ya waombolezaji, amekiinua kile kiatu juu ya fimbo. Akatangaza misiba miwili: mjomba amefariki leo, na mguu wa Siwema ulifariki mwezi uliopita, ila wenyewe hawajaletewa taarifa. Wakammwagia unga kichwani. Watu wakacheka. Hata Siwema alicheka, na machozi ya mjomba hayajakauka.

Mara ya tatu Chilumba alikwenda kwenye uwanja wa udongo. Siwema alikuwa amepumzika, kakaa kwenye gogo, wanawake wenzake wamemzunguka. Chilumba akachuchumaa miguuni pake, akasema amekuja kupima viatu vipya. Siwema akaanza kumtania na akakolea. Akamsimulia yule mgeni aliyekwenda ng'ambo ya mto akakuta wanaume kumi wamekaa juu ya mbuzi mmoja kumzuia asipeperushwe na upepo. Na huku anasimulia, Chilumba akachomoa sindano yake ya kushonea tairi, ndefu kama kidole cha kati, akaiweka ubavuni mwa unyayo wa kushoto, palipo laini, akaisukuma taratibu hadi nusu.

Siwema akaendelea na hadithi. Amefika pale mbuzi anapoomba msaada. Mwanamke wa kwanza akaacha kucheka. Wa pili akashika mdomo. Siwema akashangaa, maana hapo ndipo palipokuwa pa kuchekea.

"Mtani wangu," Chilumba alisema, "tazama chini."

Siwema akatazama. Sindano imesimama mguuni mwake, na uzi unaning'inia. Hakuna aliyecheka.

Hivyo ndivyo Nangalamo ilivyosadiki. Lakini niwape habari yote, nisije nikaambiwa nimehongwa na watani. Tundu la ile sindano liliingia udongo. Tundu likawa kidonda, kidonda kikawa kikubwa kama kifuniko cha soda, na kilichukua miezi saba kupona. Hilo nalo lipo.

Kwenye zahanati ya kijiji, mganga alitazama mguu usiohisi na kidonda kisichouma, akafikiri kama mganga yeyote wa bonde lile angefikiri: ukoma. Akampa vidonge vya ukoma. Siwema akameza. Neno likatoka zahanati kabla yake, likafika nyumbani likamngojea mlangoni. Watu waliokuwa wakigombania vyungu vyake wakagundua ghafla kwamba wana vyungu vya kutosha. Wengine walivipa kazi mpya, vikawa vya kunyweshea kuku. Kuku, kwa taarifa yenu, hawakulalamika.

Siwema akameza vidonge mwezi wa kwanza, wa pili, hadi wa tano. Mguu haukurudi. Bali ulikonda, ukawa mwembamba kuliko mwenzake, kama ndugu wawili waliolelewa nyumba mbalimbali. Kisha likaja lile ambalo mtu mzima halisemi. Mkojo ukawa unatoka wenyewe. Anaimba, umetoka. Anainama kuchomoa punje, umetoka. Akaanza kufunga vitenge viwili, kisha vitatu. Na punje zenyewe mguu hauzioni tena. Anazipita kwa mguu wa kushoto kama watu wawili waliogombana. Vyungu vikaanza kupasuka.

Mkojo ule alimwambia mtu mmoja tu duniani, yule ambaye mwanamke humwambia mambo hayo: kungwi wake. Bi. Asumini alisikiliza hadi mwisho. Hakumpa dawa wala dua. Alichukua fimbo yake akatoka, mama wa miaka sabini na ushei, akatembea hadi zahanati juani. Alipofika alimkuta mganga, ambaye ni mwanamume, na foleni nzima, ambayo masikio yake hayana jinsia.

"Mwanangu," alimwambia, "mwali wangu umemtazama mguu miezi mitano. Mgeuze. Ana kitu kiunoni tangu kuzaliwa. Nimekiona mwenyewe, unyagoni."

Siwema akaitwa kutoka nyumbani. Mganga akamgeuza Siwema, akakiona kile kitu na kishungi chake, akajipiga kofi la paji. Akamwambia atamwandikia barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa.

Na makungwi wa bonde walikutana siku ile ile. Bi. Asumini alinyang'anywa ngoma yake, akaambiwa asiguse mwali mwingine maisha yake yote. Alikuwa amewacheza unyago wanawake mia mbili na zaidi. Sasa wakipita njiani makungwi wenzake waligeuza nyuso. Hilo lipo. Na hili lipo pia: alikijua kile kitu kwa zaidi ya miaka ishirini, na ni yeye aliyemfunga Siwema mdomo. Na vidonge vya ukoma alimwona akivimeza miezi mitano.

Mume tumemfikia.

Ile barua ya rufaa ilipokamilika alipewa Nalinga, kwa kuwa ndiye mwenye baiskeli na ndiye angempeleka mkewe kituo cha basi. Njiani akakutana na mtu anayejua mambo, na kila kijiji kina wawili watatu. Akaambiwa kwamba huko wanapasua mgongo, na anayepasuliwa mgongo haamki, na akiamka haamkii upande wa kiunoni kushuka chini. Nalinga akafika nyumbani, akamwambia mkewe kwamba mganga bado anaandika. Barua akaiweka ndani ya mfuko wa suruali yake ya harusi, mahali ambapo hapana mtu angetafuta kitu kwa sababu suruali yenyewe haikumwingia tena.

Siku arobaini. Kila asubuhi Siwema aliuliza, na kila asubuhi mganga alikuwa bado anaandika. Mnaweza kudhani ilikuwa msahafu.

Siku ya arobaini na moja Siwema alianguka kwenye udongo. Mguu wa kulia nao ulikataa, mara moja tu, ila ndiyo mara aliyokuwa amesimama juu yake. Alianguka kifudifudi, akabaki pale, uso umejaa tope, vitenge vyote vitatu vimelowa, wanawake wenzake hawajui wamwinue au wamfunike. Nalinga akaja mbio, na hapo ndipo mjue jambo limekuwa kubwa, Nalinga kukimbia. Akaingia ndani ya udongo.

Sasa, kwa ukoo wa kina Siwema mwanamume hagusi udongo mbichi. Akiugusa, husemwa vyungu vyote vya mwaka huo vitapasuka na yeye mwenyewe hatapata mtoto tena. Nalinga aliingia hadi magotini, mchana, watu wanatazama. Akamwinua mkewe, akamweka kwenye gogo, akaenda nyumbani akarudi na suruali ya harusi. Akatoa barua.

"Mama Rukia," alisema, "niliogopa."

Siwema akaisoma barua yote, akatazama tarehe. Hakumtukana. Alisema tu kwamba basi la kesho linapita saa moja. Na udongo uliokuwa pale uwanjani umekanyagwa nusu? Nalinga akarudi ndani yake, akaumalizia kuukanyaga yeye, na jioni ile kijiji kizima kilikuwa na jambo la kuongea.

Hospitali kubwa walimwingiza Siwema kwenye mashine ya kupiga picha inayommeza mtu mzima mzima na kumtema mzima. Kisha akaitwa na daktari wa upasuaji, Dokta Nyamizi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutosemeshwa mara mbili. Alimwonyesha picha. Akamweleza kwamba si ukoma na haukuwa ukoma. Si saratani. Ni mafuta, mafuta yale yale ya kwenye nyama, amezaliwa nayo. Lakini andazi la nje ni mlango tu, nyumba yenyewe iko ndani. Mafuta yameingia katikati ya uti wa mgongo yakashikamana na ile kamba ya fahamu inayopeleka habari miguuni na kwenye kibofu. Mtoto anapokua, kamba hiyo hupanda juu kwa nafasi yake. Ya Siwema ilifungwa chini, kama mbuzi wa kamba fupi. Yeye alirefuka, kamba haikurefuka, na miaka yote hiyo inavutwa.

Siwema akauliza akiacha je. Akajibiwa kwamba mguu wa kushoto utakwisha, wa kulia utafuata, na kibofu hakitarudi. Lini, daktari hajui. Akauliza akikubali je. Akajibiwa kwamba kamba inaweza kufunguliwa, lakini mafuta hayatoki yote. Yamezaliwa pamoja na mishipa, yamefumana nayo. Atakayeyafuata hadi ya mwisho atatoka na mguu mkononi.

"Mimi ni mfinyanzi," Siwema alisema. "Utaniahidi mguu?"

"Hapana," daktari alisema. "Nakuahidi mkono usio na tamaa."

Mimi nimeahidiwa na mafundi wengi. Fundi cherehani aliniahidi kanzu ya Idi, na ni kweli ilikuwa tayari kwa Idi, Idi ya mwaka uliofuata. Fundi anayekwambia mapema atakachokishindwa ni wa kushikwa kwa mikono miwili. Siwema akaweka sahihi.

Saa sita nzima mezani. Dokta Nyamizi alifungua, akakata, akakata, akafika mahali ambapo mkono mwingine ungesema kidogo tu tena, akasimama. Aliacha theluthi nzima. Siwema alipoamka, kidole gumba cha mguu wa kulia kilicheza hapo hapo. Cha kushoto kilitafakari siku tisa, kisha nacho kikacheza, kwa aibu. Daktari alimwambia ukweli wake: unyayo wa kushoto hautahisi tena. Na akamwambia, kwa sababu Siwema aliuliza, kwamba wangekuja siku arobaini mapema pengine ungebaki na kitu, na pengine usingebaki. Hakuna anayeweza kuapa.

Siwema akarudi Nangalamo na namna mpya ya kuishi, na hakuificha. Choo alikwenda kwa saa, kila baada ya saa tatu, aitwe na haja asiitwe; saa yenyewe aliivaa juu ya kitenge, watu wa barabarani wakawa wanamuuliza majira. Unyayo wake aliukagua kila alasiri kwa kioo cha mkononi, atafute kidonda asichoweza kukisikia, na wapita njia walipouliza alisema anaangalia uzuri, maana usoni ameshauzoea. Vitumbua akavikata vitatu kwa siku vikawa kimoja, kwa kuwa daktari alisema yeye akinenepa, na mafuta ya mgongoni hunenepa naye. Theluthi iliyobaki aliipa jina: mpangaji.

"Zamani alijaza nyumba nzima," aliwaambia wanawake kisimani. "Sasa nimembakizia chumba kimoja. Kila mwaka nakwenda kupigwa picha nihakikishe hajaongeza ukuta."

Chilumba naye alimletea katambuga ya kushoto ya aina isiyowahi kuonekana bondeni, ina ukanda wa mpira kutoka kidoleni hadi chini ya goti, unanyanyua vidole kila hatua. Akamwambia sasa anatembea kama jogoo aliyekanyaga maji. Siwema akamjibu, na watu wakacheka, na safari hii kila mtu alitazama kwanza mikono ya Chilumba iko wapi.

Lakini udongo? Peku hawezi, katambuga hazihisi punje. Basi akakaa kwenye gogo, na Nalinga akaingia kukanyaga. Tanuri la kwanza lilipowashwa vishindo vililia kama vita. Vyungu ishirini na sita, vikabaki vinne, navyo vya nyufa, na mbuzi wa ng'ambo ya mto waliokimbia kishindo walipatikana kesho yake. Watu wakasema wameona, mwanamume amegusa udongo. Siwema akasema aliloliona yeye ni changarawe. Akamrudisha mumewe uwanjani, akamfunga macho kwa kitambaa, akamfundisha kusimama, kuinama, kuchomoa. Wiki tatu Nalinga alikanyaga hivyo, kafungwa macho, na watazamaji walikuja na viti vyao. Na siku tanuri la pili lilipofunguliwa, vyungu thelathini na kimoja viliingia na thelathini na kimoja vikatoka. Vizima, vyekundu, vinalia vikigongwa kwa ukucha.

Hapo ndipo ilipokuja kazi ngumu, ngumu kuliko kisu. Kwa ukoo wa kina Siwema, mfinyanzi aliyekaa mbali na udongo msimu mzima, akirudi, chungu chake cha kwanza kizuri hakiuzwi. Anampa mtu aliyemrudisha. Mtu mmoja. Anayekipokea huitwa mzazi wa mikono yake hadi kufa, na hukaa karibu naye kila tanuri linapofunguliwa. Mfinyanzi mwenyewe hawezi kukibakiza. Na hadi hicho kitoke mikononi mwake, vingine havitoki kwenye majivu, wala haruhusiwi kushika udongo mpya. Asipojua wa kumpa, hajarudi.

Siwema akakinyanyua kimoja, cha maji, chenye shingo nyembamba. Watatu wakasogea mbele, hapana aliyewaita.

Kabla hawajasema, mtu mmoja akauliza kwa nini asipewe daktari. Siwema akaeleza kwamba alimwambia desturi hiyo kliniki, naye akacheka, akasema yeye ana mshahara na ana kabati la vyombo asivyovitumia, wamtoe humo. Wengi wakaridhika. Mzee mmoja hakuridhika, akasema mtu kukataa zawadi hakuondoi haki yake. Mwekeni huyo mzee akilini, mkitaka.

Chilumba alisema: "Mimi nilijua wa kwanza. Nilisema kiatuni, nilisema msibani, mkanimwagia unga. Ninyi ndugu zake mlikuwa mnacheka. Sindano yangu ndiyo iliyowanyamazisha. Bila sindano angekuwa anawasimulia hadithi ya mbuzi hadi leo, amekaa, hana miguu."

Wakamjibu kwamba sindano hiyo hiyo ilimpa kidonda cha miezi saba, na kidonda hicho ndicho kilichompoteza mganga akaona ukoma. Akasema ni kweli. Akasema angekuwa na namna nyingine ya kusadikiwa, angeitumia. Wamwonyeshe ipo wapi.

Bi. Asumini alisema: "Mguu mliuona nyote. Mgongo niliujua mimi. Nilitoa neno ambalo kungwi hatoi, mbele ya wanaume, na nimelipa kwa ngoma yangu. Chilumba kapoteza nini? Sindano yake anayo. Huyu Nalinga kapoteza nini? Mke amerudishiwa. Hapa aliyerudi nyumbani mikono mitupu ni mimi."

Wakamjibu kwamba amefungua mlango alioufunga mwenyewe. Akasema ni kweli, na kwamba ni rahisi sana kumlaumu mfunga mlango kwa mtu ambaye hajawahi kuapishwa.

Nalinga alichukua muda wake, kama mjuavyo. Kisha akasema: "Mimi barua niliificha. Siikatai. Ila mnaulizana nani alimfikisha hospitali, na chungu hiki hakikufinyangwa hospitali. Mguu wake haujarudi. Alichorudia ni udongo, na huo udongo nimeukanyaga mimi, nimefungwa macho, mkiwa mmekaa kwenye viti mnanicheka. Ninyi mlimtoa kwenye ugonjwa. Ugonjwa wenyewe haujaisha, uko naye, na mimi ndiye niliyebaki nao wote wawili."

Wakamjibu siku arobaini. Nalinga akatazama nyayo zake.

Na mwanamke mmoja wa kisimani akapaza sauti kutoka nyuma, akasema desturi ibadilishwe, Siwema akibakize mwenyewe, kwa sababu hao watatu wote hawakulala kwenye meza ile, na hao watatu wote hawaendi choo kwa saa. Wanawake wakashangilia. Wazee wa ukoo wakakohoa.

Siwema amesimama na katambuga yake ya ukanda, chungu kimemkalia mikononi, bado kina joto. Vyungu thelathini viko kwenye majivu. Udongo mpya umeshaletwa kutoka mtoni, uko kwenye majani ya migomba, unaanza kukauka pembezoni, naye hawezi kuugusa. Hakuna kati ya watatu hao asiyemrudisha, na hakuna kati yao asiyemchelewesha.

Haya, mimi nimesema ya kwangu, kazi iliyobaki ni yenu. Msiniambie kivunjwe vipande vitatu. Nimeshaambiwa hivyo mara moja, na aliyesema alikuwa hajawahi kupika. Mtani aliyemchoma, kungwi aliyemsaliti, mume aliyemficha, au mwenye mgongo wake mwenyewe na desturi ipasuke: nani anyooshe mikono?